Mtoto wa Tatu na Mwani Uliovunjika

Nakumbuka asubuhi niliyovunja mwani wa mama mkwe wa watu, kule Jinja, nikiwa na mimba yako. Kaa vizuri, Rehema. Huyo wa boda mwambie aende zake, utapata mwingine. Chai hiyo ina tangawizi, inywe.

Umetoka Nkoma mpaka hapa Namakwekwe, umeingia bila hodi, umekaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa mahakamani, halafu ukasema, "Mama, ni wa tatu," kwa sauti ya kuleta habari za msiba. Nikangoja uniambie nani amekufa. Kumbe hakuna aliyekufa. Kumbe kuna anayekuja!

Kisha ukaanza. Kwamba pale benki hakuna mwanamke mwenye zaidi ya wawili. Kwamba bosi wenu ana mmoja tu, anapelekwa shule kwa gari. Kwamba wakikuona na tumbo tena watacheka pembeni na kusema huyu bado ana mambo ya kijijini. Na kwamba mumeo Musa hujamwambia, na unaona heri usimwambie kwanza. Hapo ndipo uliponishtua, mwanangu. Maneno ya benki hayanitishi. Lakini mwanamke anayemficha mume wake mwema habari ya mtoto, huyo namjua, maana nilikuwa yeye. Kwa hiyo leo utanisikiliza, hata kama chai itapoa.

Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa askari magereza. Tulipewa chumba kimoja katika kota za askari kule Jinja, na wakubwa zako Hamisi, Zaituni na Juma walilala mkeka mmoja, miguu ya huyu usoni mwa yule. Majirani walikuwa Waacholi, Wateso, Walugbara, na sisi Wagisu wachache, na tuliongea Kiswahili, kila mmoja na chake, afande huku na afande kule. Wenzangu wengi walikivunja bila huruma. Mimi nilikitoa kwa baba yangu hapa Mbale, ambaye alisema nacho nyumbani na msikitini, na hicho Kiswahili ndicho kilichonipatia kazi.

Nilipata kazi ya kupika na kufua kwa Wakorea, upande wa ziwani. Mume alikuwa injinia wa mitambo. Mke alikuwa amekaa Nairobi kabla ya Jinja, akajifunza Kiswahili cha sokoni huko, na Kiingereza chake alikionea haya. Watoto wa mtaani walikuwa wakimwona wanapiga kelele, "China! China!" nami natoka na mwiko, "China ya nani? Huyu ni Mkorea!" kana kwamba mimi nilijua Korea iko upande gani.

Siku ya kwanza nilimwuliza, "Nikuite nani, madamu?" Akafikiri. Akasema kule kwao mwanamke akishazaa, watu huliacha jina lake, wanamwita mama wa fulani. "Mimi kwetu ni Mama Minji," akasema. Ee! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia, "Basi umefika nyumbani. Mimi Mama Hamisi." Tangu hapo, mambo ya madamu yakaisha.

Minji alikuwa na miaka minne. Alikuwa na chumba chake peke yake, kitanda chake, na mwalimu wa kinanda aliyekuja jioni. Mtoto wa miaka minne, mwalimu wa kinanda! Akimaliza kinanda, mama yake anamkalisha na vitabu vya hesabu. Nilikuwa namkatia ndizi mbivu kwa siri, maana nilimwonea huruma.

Sasa, Mama Minji aliwahi kuniuliza nina watoto wangapi. Nawe unajua kwetu watoto wa mtu hawahesabiwi kwa mdomo kama mbuzi wa mnada. Nikamjibu, "Wapo, Mungu amenipa." Yeye akachukulia kwamba nina Hamisi pekee, au labda wawili. Sikumsahihisha. Kila siku iliyopita ikawa vigumu zaidi kumsahihisha, na katikati ya hayo ndipo nikagundua kwamba wewe umeshaingia.

Nikaogopa, Rehema. Jirani yetu wa kota alikuwa ameachishwa kazi ya ndani tumbo lilipoonekana. Lakini nikwambie ukweli, si kazi tu. Ilikuwa aibu. Huyu mwanamke ana elimu ya chuo kikuu, ana mmoja. Mimi nimeishia darasa la saba, nina watatu na mwingine njiani. Niliona kama tumbo langu litatangaza umaskini wangu kila niendako. Nikajifunga leso mbili, moja juu ya nyingine, katika joto lile la Jinja. Na baba yako sikumwambia. Nilijiambia ana mawazo ya kutosha.

Ndipo mama mkwe wa Mama Minji akaja kutoka Korea kuwatembelea. Kibibi kifupi, mgongo umeinama kwa kulima mpunga tangu utotoni, mikono kama ya mama zetu wa mlimani. Nikampenda mara moja. Hatukuwa na neno hata moja la pamoja, lakini alipoona ninavyomenya vitunguu alikaa karibu yangu akamenya vyake, tukashindana. Mimi nikamwita Bibi, naye akaitika.

Katika sanduku lake alileta furushi refu la majani makavu, meusi, yamefungwa kwa uzi. Watu wa pwani huyaita mwani, yanaota baharini. Mimi wa Bugisu bahari ningeijulia wapi? Furushi lilikuwa refu kuliko mkono wangu. Alilipandisha mwenyewe juu ya kabati la jikoni, kwa heshima, akamwangalia mkwewe, akasema neno. Mama Minji akainamisha kichwa, akaenda kufungua bomba la maji ingawa hakukuwa na chombo cha kuosha.

Asubuhi iliyofuata wakaenda kumwonyesha Bibi mahali mto unapotoka ziwani. Mimi nikabaki nasafisha. Nikaona sisimizi wanapanda ukutani kuelekea kule juu. Nikasema, la, chakula cha mgeni hakiliwi na sisimizi mbele yangu. Nikalishusha furushi, nikatafuta bati la biskuti lenye kifuniko. Halikuingia. Basi nikafanya vile ambavyo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya akishika malewa. Wewe mwenyewe umeyaona malewa kwa nyanya yako: machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi, makavu ka! ka! na ukitaka kuyaweka au kuyaloweka, unayavunja. Nikauvunja mwani wote vipande vipande, nikaujaza ndani ya bati, nikafunga, nikajipongeza.

Waliporudi, Bibi aliinua macho juu ya kabati. Nikamletea bati huku natabasamu. Alipofungua kifuniko alitoa sauti ambayo sijaisikia tena maishani. Mama Minji akawa mweupe. Nikadhani nimeua mtu.

"Mama Hamisi," akaniambia, "hii si ya kupika tu. Hii ni ya mwanamke anazaa. Akizaa, anakunywa supu yake. Mtu akinunua, hapana punguza bei. Hapana kunja. Hapana vunja. Ukivunja, yule mama atazaa kwa shida."

Wallahi, mwanangu, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ulishuka ukashika tumbo, hapa, chini ya leso zile mbili. "Astaghfirullah," nikasema. Na Bibi, aliyekuwa anaomboleza mwani wake, akanyamaza. Aliuona mkono.

Lakini kabla hajasema, Mama Minji alilipuka. Yule mwanamke mpole! Alimwambia mama mkwe wake maneno marefu kwa lugha yao, kisha akanigeukia mimi, nafikiri kwa sababu kwangu ilikuwa rahisi kuyatoa. "Ameleta hii kwa sababu anataka nizae mwingine. Kila simu, mwingine. Kila barua, mwingine. Mimi sitaki? Mimi nataka! Lakini mtoto kwetu si tumbo tu. Mtoto ni nyumba, na nyumba kule hainunuliki. Mtoto ni mwalimu wa jioni na mwalimu wa Jumamosi. Ukikosa hivyo, mwanao atabaki nyuma, na watu wanasema mama yake ndiye amemtupa. Mume wangu ana kazi nzuri, na tumeweza mmoja. Dada yangu mdogo anauza dukani. Hakuolewa. Anasema hana cha kumpa mtoto, kwa hiyo hatamwita aje duniani."

Kwetu maskini ndiye anayesemwa kwamba ana wengi. Kumbe duniani kuna mahali ambapo maskini anakosa hata huyo mmoja wa kumwita kwa jina. Nikamfikiria yule dada. Kwao mwanamke anaitwa kwa mtoto wake, sasa yeye dukani wanamwita nani? Chozi likanitoka kwa ajili ya mtu nisiyemjua.

Bibi akanyoosha kidole kwenye tumbo langu, akauliza. Mama Minji akanitazama. "Anasema wewe una mimba."

Nikapiga magoti. Niliyasema yote hapo kwenye sakafu: kwamba ni wa nne, si wa pili, kwamba niliogopa kufukuzwa, kwamba hata mume wangu hajui. "Nisamehe, Mama Minji," nikasema, "sisi watu wa chini tunazaa tu." Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu, juu yako.

Mama Minji akamtafsiria. Na hapo Bibi alikasirika kweli. Hasira ya mwani ilikuwa mchezo. Alivuta kigoda, akaketi katikati yetu, akaanza kusema polepole, akimwachia mkwewe nafasi ya kutafsiri.

"Anasema mama yake alizaa wanane, na kijiji chote kilimsifu. Yeye akazaa wanne. Maafisa wakapita nyumba kwa nyumba, wakasema watu wa maana wanazaa wawili. Akawa anapita njia ya nyuma, watu wasimwone na wote wanne pamoja." Nafikiri hata Mama Minji mwenyewe hakuwahi kuyasikia hayo. "Anasema mtoto wake mmoja aliwahi kumwuliza, mama, kwa nini hatupiti barabarani? Mtoto huyo ni mume wangu."

Kibibi kikajipangusa uso kwa kiganja, kikaendelea.

"Anasema sasa mimi naona aibu kwa sababu ya mmoja. Na wewe unaona aibu kwa sababu ya wanne. Anauliza, hawa watoto wamemkosea nani? Anasema sifa ameiona inahama kwa macho yake, leo iko kwa mwenye wengi, kesho kwa mwenye wachache. Watoto ni walewale."

Minji aliingia, akatukuta watu wazima watatu tunalia jikoni, akaomba ndizi.

Kisha Bibi akamshika mkwewe mkono, akamwambia jambo fupi. Hilo Mama Minji hakunitafsiria, na sikuuliza, lakini tangu siku ile sikusikia tena habari za mwingine katika nyumba ile. Halafu Bibi akainuka, akachukua lile bati, akaumwaga mwani wote ndani ya beseni la maji. Ulivimba, Rehema! Vile vipande vikafunguka, vikajaa beseni mpaka pomoni. Nikatumwa kwenye bucha ya Waislamu kuleta nyama ya ng'ombe, na mafuta ya simsim tulikuwa nayo. Tukala supu ile sote, kijani kibichi, inateleza kama bamia. Nilikula kwa adabu. Bakuli la pili nikala kwa njaa. Mama Minji akasema kazi yangu ipo, na kwamba mtoto akizaliwa nije naye. Ndiyo maana miezi yako ya kwanza ulilala kwenye kikapu cha nguo jikoni kwa Wakorea, kinanda kinapigwa na wewe unakoroma.

Jioni ile nilimwambia baba yako kabla hajavua buti. Akaketi kitandani, akaniangalia, akasema, "Mama Hamisi, leso mbili Jinja hii? Nilijua tangu zamani. Nilikuwa nangoja uniamini." Neno hilo liliniuma kuliko kelele za Bibi. Niliona mzigo nilioubeba peke yangu ulikuwa na kishikio cha pili, na mwenye mkono alikuwa amesimama hapo muda wote.

Ulizaliwa hospitali ya Jinja bila shida yoyote, mwani uliovunjwa haukunidhuru. Bibi, ambaye alikuwa bado hajarudi kwao, alikuwa ameagiza furushi jingine, likaletwa na mgeni wa huko kwao, zima, halikukunjwa. Akaja wodini na supu kwenye themosi. Wakati huohuo nyanya yako akafika kutoka Mbale na malewa yake ya karanga. Ungewaona hao wawili! Mmoja upande huu wa kitanda, mwingine upande ule, hawana lugha, kila mmoja ananisukumia bakuli lake mdomoni. Mwishowe nyanya yako akaonja ule mwani kwa hofu, Bibi akaonja malewa. Bibi akaomba nyongeza. Nyanya yako alitamba na habari hiyo mpaka anaingia kaburini.

Sasa sikiliza ya leo, maana hujaijua. Mama Minji bado hunipigia simu ya video. Ameshakuwa bibi mwenyewe. Minji alikaa muda mrefu bila kuolewa, na mama yake hakumsukuma, alikumbuka mwani. Mwaka jana Minji akapata mtoto, mmoja, na wanamshangilia kama mvua. Nilimpelekea malewa. Basi juzi Mama Minji akaniuliza habari zako, "yule wa kikapu," nikamwambia una wawili na ninaona dalili za wa tatu. Usinitolee macho, mimi ni mama yako, mapishi ya samaki uliyakimbia kwenye harusi ya Zaituni mchana kweupe. Unajua alisemaje? Alicheka, akasema, "Mama Hamisi, kule kwetu siku hizi mwenye mishahara midogo haoi wala haolewi. Mwenye nafasi anazaa mmoja. Mtu akipita barabarani na watoto watatu, watu wanageuka kumtazama. Wanasema huyu ni tajiri, mume wake anafanya kazi gani?"

Umesikia? Tumbo hilohilo unalolificha wenzako wa benki wasikuite mshamba, kwingine lingekufanya uitwe tajiri. Na Bibi wa watu alishayasema jikoni Jinja, kabla hujazaliwa.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, na wewe mwingine yeyote utakayeisikia. Idadi ya watoto si cheo, wala si aibu. Usizae kwa kutaka sifa ya watu, na usifiche mtoto kwa kuogopa kicheko chao, kwa sababu watu hao watabadilisha mawazo na wewe utabaki na mtoto. Kaeni wewe na Musa, muangalie nguvu zenu, afya yako, nafasi ya nyumba, ada za shule. Mkiona baada ya huyu inatosha, nendeni kliniki pamoja mkaseme inatosha, na yeyote atakayekuja kukudai wa nne kwa niaba yangu mfukuze kwa mwiko. Na yule mwenzako mwenye mmoja usimcheke, hujui anachokiombea. Lakini huyu aliyekwisha kuja, mpitishe barabarani.

Mungu akutunzie huyo tumboni na wale wawili nyumbani. Akujalie siku nyepesi ya kujifungua, maziwa ya kutosha, na mume wa kuamka nawe usiku. Akupe uso usioinama mbele ya mtu kwa sababu ya mwanao. Amina.

Futa machozi. Sasa tazama juu ya kabati langu, pale, hicho kirefu kilichotokeza nje ya gazeti. Umekaa chini yake saa nzima. Kimefika wiki iliyopita kutoka kwa Mama Minji, na sisimizi wamehangaika nacho mpaka nimepaka mafuta ya taa miguu ya kabati, lakini sikukivunja. Kibebe hivyohivyo kwenye boda, kiwapige watu njia nzima mpaka Nkoma, wakuulize ni nini, uwaambie ni cha mzazi. Na Musa akirudi, mwambie kabla hajavua viatu.